Kizazi cha Ngapi?

Kompyuta ya mezani ya Mkasi ilikuwa kubwa kama jokofu dogo, na ikiwaka ilitoa sauti ya mtu anayetafuna karanga kwa adabu, mdomo umefungwa. Nyumbani waliiita Babu. Umri wake, kwa binadamu, ni wa kupelekwa shule na begi mgongoni; kwa kompyuta ni wa kuita watoto na kuanza kugawa urithi. Lakini Babu hakuwahi kumwangusha Mkasi. Ukimpa video za siku nzima alizimeza zote, akazipanga, akazitoa bila kukohoa.

Mkasi nalo si jina la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake ya kukata video. Alianza na harusi, akakata mashangazi wanaocheza na wajomba wanaotafuta pa kuweka sahani, mpaka akawa anaota keki. Kisha, baada ya kubisha milango mingi, akapewa tamthilia. Tamthilia ya kweli, inayoonyeshwa kila Ijumaa jioni, ile ambayo ikianza mtaa mzima unanyamaza na maharage yanaungua. Mwongozaji alimpa masharti mawili. La kwanza, asimwambie mtu kwamba ni yeye anayeikata, hata ndugu, maana hadithi ikivuja imekufa. La pili alilisema akitabasamu, na ndiyo maana lilitisha: "Ijumaa haijui kuumwa, dada. Sehemu moja isipofika, kiti anakalia mwingine, na sisi hatutagombana."

Sasa Mkasi alikuwa na mimba ya miezi saba, na daktari amemwambia kwamba mlango wa kizazi umeanza kulegea kabla ya wakati wake. Alale. Tena alale ubavu. Na Jumatatu aingie wodini, akae huko mpaka ajifungue.

Kitu cha kwanza alichomuuliza muuguzi mkuu wa wodi kilikuwa kuhusu Babu.

"Dada, hapa ni wodi, si stoo," muuguzi alisema. "Kinachokaa mapajani, lete. Kinachobebwa na watu wawili, kiache nyumbani."

Mumewe, Fundi Bomba, mtu wa kifua na kitambi, akauliza kama waume wanaobebwa na watu wawili nao wamo kwenye marufuku hiyo. Muuguzi hakucheka. Kwa hiyo ikabidi itafutwe laptop, tena laptop yenye uwezo wa kufanya kila alichokuwa akifanya Babu, na ipatikane kabla ya Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Fundi Bomba akaenda dukani na diski ya mkewe mfukoni. Mkasi alibaki kitandani, ubavu wa kushoto, simu kwenye mto ikiwa kwenye spika. Chumba kilikuwa hicho hicho kimoja cha kulala na cha kazi. Babu alikaa mezani mbele yake, hatua tatu tu, na hatua hizo tatu ndizo zilizokatazwa. Jikoni, nyuma ya pazia, mama mkwe alikuwa anakata vitunguu. Alikuja wiki hiyo kumuuguza mkwewe, na habari ya laptop hakuitaka hata kidogo.

"Kazi haina kitovu," alikuwa ameshasema tangu kunakucha. "Ikikatika, inaungwa. Wewe lala. Hizo kompyuta za kucheza zitakuwepo tu."

Mkasi hakubishana naye. Kwa mama mkwe, mtu anayekaa mbele ya skrini kutwa nzima anacheza, na sharti la mwongozaji lilimzuia kumweleza zaidi.

Simu ikaguna.

"Upo?" Fundi Bomba aliuliza.

"Nipo. Ningekuwa wapi?"

"Nauliza tu, mke wangu, ni heshima. Nimeshafika. Ukutani wameandika kwamba kitu kikitoka hakirudi, tena kwa herufi kubwa kuliko jina la duka."

"Basi tusikosee. Na kumbuka, Babu ni namba saba. Usiniletee kitu cha chini ya saba. Sishuki cheo kwa sababu ya kuumwa."

"Saba. Sawa, mkuu. Huyu hapa muuzaji, ongea naye, mimi lugha yenu siijui. Na mimi nimeweka spika, nataka kusikia ninavyotumika."

Muuzaji alikuwa kijana mwenye ulimi wa asali. Hata bila kumwona, Mkasi alijua kwamba ni mtu anayeongea huku mikono inapaa.

"Habari, dada. Pole na kuumwa. Shemeji ameniambia ulichonacho ni cha siku nyingi. Kizazi cha ngapi?"

"Cha nne," Mkasi akajibu.

"Lo, dada. Kizazi cha nne kimechoka hicho. Kinashika moto, na kutoa kinatoa kwa shida."

Jikoni kisu kikasimama.

"Kimenivumilia," Mkasi alisema. "Sijawahi kukilalamikia."

"Sikatai, dada. Ila wenzako siku hizi wako kizazi cha kumi, cha kumi na mbili. Hicho chako si cha kutibu tena, ni cha kubadilisha. Kadi je, unayo?"

"Kadi ipo. Ya zamani, lakini kubwa."

"Basi ndiyo maana kinachemka. Mara ya mwisho kukifungua kukisafisha ilikuwa lini?"

"Mwezi uliopita," Fundi Bomba akadakia, akitaka na yeye aonekane ana mchango. "Nilikifungua mwenyewe sebuleni, kwa bisibisi, nikapuliza vumbi lote likatoka."

Pazia likafunguka. Mama mkwe akasimama kizingitini, kisu mkono huu, nusu ya kitunguu mkono ule, machozi yakimtiririka, na si rahisi kujua ni ya kitunguu au ya uchungu.

"Wewe kijana," aliiambia simu. "Wewe ni daktari wa wapi?"

Muuzaji akakohoa.

"Mimi, mama? Mimi niko dukani."

"Dukani. Mke wa mtu mlango umelegea, na wewe uko dukani unampimia kizazi cha kumi na mbili kama unapima mchele. Mimi nimezaa sita kwa kizazi kimoja, kile kile nilichokuja nacho, na hakuna aliyenipuliza vumbi." Akaisogelea simu. "Na wewe mwanangu, uliyemfungua mwenzako kwa bisibisi sebuleni—"

"Mama," Fundi Bomba alisema, sauti kama imetoka chini ya tangi.

Mkasi alikuwa ameuma mto. Daktari alimkataza kuinama, kubeba na kupanda ngazi. Kucheka hakukutaja, na hapo ndipo Mkasi alipoona upungufu wa elimu ya udaktari. Alishika tumbo kwa mikono miwili, akasubiri litulie, kisha akamwomba mama mkwe akae.

"Mama, ni kizazi cha kompyuta. Ndani yake kuna prosesa, ndio ubongo wake. Kila baada ya muda kiwandani wanatoa ubongo mpya kuliko ule wa jana, na wanahesabu: kizazi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Babu ni wa cha nne, na ile namba saba ni cheo cha ubongo wake."

"Wangesema rika."

"Hawakutuuliza."

"Na kadi?"

"Ya picha. Inaisaidia kompyuta kuchora."

Mama mkwe akajifuta macho kwa kiwiko. "Mimi nilishaanza kukumbuka ile ya kliniki tumeiweka droo gani," alisema. Lakini hakurudi jikoni. Alivuta kiti cha kazi cha Mkasi, akakaa mbele ya Babu na kitunguu chake, kama mlinzi aliyegundua kwamba eneo lina wezi.

Muuzaji, alipopata tena sauti yake, aliisifia laptop moja nyembamba kama kitabu cha shule ya msingi. Namba saba. Kizazi cha kumi. Ukiishika hujui kama umeshika.

"Ni kweli," Fundi Bomba alisema. "Ni kama nimeshika sahani. Na inang'aa, najiona meno."

"Meno yako hayakati video," Mkasi alisema. "Kaka muuzaji, programu ya kuhariri unayo humo? Vizuri. Mume wangu, chomeka diski. Humo kuna sehemu moja nzima nimeiandaa, na Babu anayo hiyo hiyo. Tunaziambia zitoe video nzima kwa pamoja, huyu huku na yule huko, tuone nani anafika."

"Kwako nani atabonyeza?" mumewe aliuliza. "Usiinuke."

Mkasi akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama kipanya cha kompyuta kama mtu aliyekabidhiwa panya mwenyewe.

"Mama, bonyeza hapo palipoandikwa Toa. Mara moja tu, nikihesabu tatu. Moja, mbili—"

Mama mkwe alibonyeza kwenye mbili.

"Babu ni mzee," alijitetea. "Mzee hutangulizwa."

Babu akaanza kutafuna karanga zake. Kwenye skrini mstari ukajaa polepole, na juu yake picha zikawa zinapita, moja baada ya nyingine, jinsi zinavyotolewa. Simu ilileta habari za upande wa pili: nyembamba imefika kumi kwa mia, ishirini, thelathini na tano. Babu alikuwa kumi na nane. Muuzaji alianza kuongea kama mtu ambaye ameshafunga mfuko.

"Tena hapo haijachangamka, dada."

Mkasi alikuwa anamsikiliza Babu na kumwona kwa mara ya kwanza kama atakavyomwacha: amefunikwa kitambaa, plagi imechomolewa. Ikiwa hii sahani ni kweli, Ijumaa ipo. Ikiwa si kweli, kuna mtu mahali fulani, mwenye mwili mzima na kompyuta mpya, atakayepigiwa simu. Huko dukani wakatangaza sitini na mbili.

"We," mama mkwe alisema ghafla, uso umekaribia skrini. "Huyu si yule mwenye kovu?"

"Mama, usiangalie."

"Yule aliyeungua jana jioni? Nimemlilia mpaka nikaharibu leso. Na yuko hapa dirishani anapaka mkate siagi?"

"Mama, hujaona kitu."

"Siagi anaipaka pande mbili." Akageuka na kiti kizima. "Nani amekupa hii? Haijaonyeshwa."

Hapakuwa na njia ya kuzunguka. Mkasi akashusha sauti, ingawa simu ilikuwa pale pale kwenye mto. "Naikata mimi, Mama. Tangu sehemu ya kwanza. Wanaleta picha nyingi, zimechanganyikana, mimi nachagua ipi ikae wapi na ikatike wapi. Nimekatazwa kusema."

Mama mkwe alitazama skrini, akamtazama mkwewe, akarudi kwenye skrini.

"Pale mke wake anapofungua mlango," alisema mwishowe. "Tunaona uso wake tu. Moto hatuoni."

"Moto waliupiga picha. Moto mzuri tu. Nikautoa."

"Wewe ndiye uliyeutoa?"

"Mimi."

"Mimi niliuona," mama mkwe alisema taratibu. "Kwa jirani niliwaambia, moto ule ulikuwa mkubwa. Wakasema haukuonyeshwa. Nikabishana nao mpaka wakazima taa." Akagusa skrini kwa kidole. "Kumbe ulikuwa umeniwekea machoni mwa yule mke."

Watu walikuwa wamesifu harusi alizokata Mkasi. Walisifu rangi, walisifu muziki. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa alichokiondoa.

"Sasa alitokaje motoni?" mama mkwe aliuliza.

"Iko sehemu inayofuata."

"Inayofuata iko wapi?"

"Bado sijaikata. Inatakiwa Ijumaa hii, inangoja laptop."

Mama mkwe akainamia simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Asubuhi alikuwa mpinzani, sasa alikuwa mtu mwenye mzigo njiani. "Wewe kijana. Hiyo sahani yako imefika wapi?"

"Sitini na mbili, mama."

"Ulisema sitini na mbili kabla sijageuka."

"Inajipanga, mama."

"Imesimama," Fundi Bomba alisema. "Na chini inachoma. Nimeiweka mezani, ingeniivisha paja."

Babu alikuwa hamsini na nane. Alitafuna. Sitini. Sitini na tatu. Huko dukani nyembamba ilikwenda hatua, ikapumzika, ikaenda nusu hatua. Babu alipofika mia, mama mkwe akamgonga mgongoni mara mbili kwa kiganja, kama farasi. Nyembamba ilikuwa sabini na tisa.

"Lakini ni namba saba," Mkasi alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kizazi cha kumi." Alikuwa amefumba macho, na kwenye giza hilo akaona kosa lake. "Mwili hauna pa kutolea joto. Ikiona inaungua, inajipunguza mwendo yenyewe ili isife. Ni kama mtu anayeimba ubeti wa kwanza kwa pumzi zote, wa pili ukamshinda. Na kadi yenyewe haina, ubongo unabeba kila kitu peke yake. Nimenunua namba tu."

"Hujanunua bado," mumewe akamkumbusha.

"Zipo saba nyingine," muuzaji alisema, asali imepungua. "Ila nazo ni nyembamba. Watu wanapenda nyembamba."

"Rafu ya chini kuna nini?"

"Ya chini? Hizo ni za wacheza gemu, dada. Nzito. Tena hii moja ni namba tano."

Mkasi akasikia neno tano likimpiga mahali pa kiburi. Miaka yote aliwaambia wenzake: mimi natumia saba.

"Eleza," alimwambia mumewe. "Unachokiona tu."

"Nene kama tofali. Ina mistari myekundu kama imetoka vitani. Nyuma na chini ina matundu, feni mbili. Nikiiweka kiganjani, mkono unashuka."

"Kadi ya picha?"

"Ipo, tena yake yenyewe," muuzaji alikiri. "Kizazi cha kumi na moja. Ila ni tano, dada, nisije nikalaumiwa."

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, akiendelea kumenya kitunguu chake kilichokwisha zamani. "Kiatu namba saba cha mtoto, na namba tano cha mama yake. Unaweza kutumbukiza mguu gani wapi?"

Mkasi akafungua macho. Ilikuwa hivyo tu, na ilimchukua asubuhi nzima. Saba ya mezani na saba ya mapajani zilikuwa zimepimwa kwa miguu tofauti.

"Chomeka diski kwenye tofali," alisema. "Mama, safari hii kwenye tatu."

Mama mkwe alibonyeza kwenye tatu, kwa uchungu.

Feni za tofali zilisikika hata kwenye simu, kama mtu anayekaanga kitu chumba cha pili. Ishirini, na Babu ishirini. Arobaini na moja, Babu arobaini. Ilipofika sitini Mkasi alishika shuka. Sitini na tano. Haikusimama. Themanini. Mama mkwe alikuwa anamnong'oneza Babu maneno ya kumtia moyo, na papo hapo anaomba ashindwe, na uso wake haukujua ushike lipi.

"Imetoka," Fundi Bomba alisema.

"Na yangu," mama mkwe alisema, kabla neno la mwanawe halijatua.

Mkasi alivuta pumzi ndefu, ya kwanza ndefu tangu alipoambiwa habari ya Jumatatu.

"Ni hiyo," alisema. "Mwambie aifunge. Na mwulize kama programu inabaki humo."

"Inabaki, dada," muuzaji alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Samahani, dada. Yule mwenye kovu ni mzima kweli?"

"Wewe kijana," mama mkwe alisema, "uza."

*

Wodi ilikuwa na vitanda sita na madirisha marefu. Muuguzi mkuu aliitazama tofali, akaipima kwa mkono mmoja, akasema kwamba mapajani haitakaa wakati yeye yupo zamu, kwa jinsi inavyopuliza moto. Akasukuma pale kimeza cha magurudumu cha kulia chakula, akakipandisha mpaka kikafika usawa wa macho ya mtu aliyelala ubavu. Mkasi akakata hivyo, kichwa kwenye mto, mkono mmoja kwenye kibodi, dunia nzima imepinda.

Jumatano tumbo likakaza. Likaachia, likakaza tena. Alifunga laptop kabla hata hajaita, na siku hiyo hakuifungua tena. Madaktari walikuja, dripu ikatundikwa, Fundi Bomba akakaa kwenye kiti cha chuma na kofia yake magotini bila mzaha hata mmoja, jambo lililowatisha watu kuliko dripu. Asubuhi maumivu yakawa yamekwenda. Daktari alisikiliza moyo wa mtoto, akamwachia Mkasi naye asikilize. Ulikuwa unakimbia, tki-tki-tki, kama kitu kidogo chenye kazi nyingi.

"Naweza kuendelea?" Mkasi aliuliza.

"Mkono tu," daktari alisema. "Mwili mwingine wote niachie mimi."

Akaendelea kwa mkono. Mchana, usingizi, mchana. Alipofika pale ambapo mwenye kovu anatoka motoni alikuwa na picha nne za kuchagua, na zote zilikuwa nzuri. Alizitazama mara nyingi. Mwishowe akachagua ya tano, ambayo si picha ya kutoka: ni jirani aliyekuwa amelala, anaamka kwa kusikia maji yanamwagika.

Ijumaa kabla ya saa ya chakula akabonyeza Toa. Feni zikapanda. Mama wa kitanda cha pili akauliza kama mvua imeanza, ana nguo nje. Mstari ulijaa bila kusimama, akaituma, akaiweka simu juu ya tumbo na kungoja. Simu ikatetemeka, na kutoka tumboni mtu mwingine akaipiga teke ikaanguka kitandani.

Mwongozaji alikuwa ameandika kidogo, kama kawaida yake. *Imefika. Ile ya jirani anaamka sikuifikiria. Picha za Ijumaa ijayo nakutumia leo jioni.*

Mkasi aliisoma, kisha akamwita muuguzi.

"Unaumwa?" muuguzi aliuliza, akiharakisha.

"Hapana. Naomba unigeuzie kimeza upande huu. Jioni jua litaingia pale, na mimi nitakuwa na kazi."